Jibu Linakuja Usiku, Wewe Umeshazima Kompyuta

Saa tisa alasiri mwanafunzi hapa Kisumu anaingia kwenye IRC, mfumo wa gumzo la maandishi mtandaoni, kwenye chaneli (chumba cha gumzo) ya mradi wa programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote. Anauliza swali zuri, amelipanga vizuri, na ujumbe wa hitilafu ameunakili kama ulivyo. Saa hiyo California ni alfajiri, hata kwa majira yao ya joto, na wanaojua jibu wamelala. Jioni maabara ya kompyuta inafungwa, kijana anazima mashine na kwenda kutafuta matatu ya Kondele. Saa mbili usiku mtu anamjibu kwa kirefu, kisha anagundua kwamba lile jina halipo tena kwenye orodha ya waliopo. Kesho yake kijana anarudi, haoni kitu, anaamini wamempuuza.

Hili nimelishuhudia kwa vijana wenye vichwa vizuri kabisa, na linaniuma kila mara. Wengine huacha kuuliza. Ukiwaambia walijibiwa, hawakuamini.

IRC aliiunda Jarkko Oikarinen mwaka wa 1988 katika Chuo Kikuu cha Oulu, Finland. Mpaka leo, kwenye seva nyingi, mtindo wake ni ule ule: seva inapokea ujumbe, inawapelekea waliopo, basi. Haiweki akiba. Usipokuwepo, hukusikia. Kuna wanaosema mambo ya IRC yamepitwa na wakati, lakini miradi ya programu huria yenye uzito bado inakutana huko, Debian, mfumo wa uendeshaji wa kompyuta, kwenye mtandao wa IRC uitwao OFTC, na mingine mingi kwenye mtandao wa Libera.Chat. Ukitaka kuongea na aliyeandika programu unayoitegemea, mara nyingi utamkuta hapo.

Mwenye kompyuta moja mezani na stima ya uhakika hana shida kubwa. Anaiacha ikiwaka siku nzima. Sisi wengi tunahamahama. Kuna mashine ya ofisini mjini, laptopu ya nyumbani Manyatta, kompyuta ya chuo, na simu. Stima ikipotea, ruta inazima na muunganisho unakatika bila kuaga. Seva nayo haijui mara moja. Hutuma PING, kama kuuliza "upo?", ikisubiri PONG, jibu la "nipo", na ikikosa jibu kwa dakika kadhaa ndipo inakutoa. Ukiwahi kurudi kwa hotspoti ya simu kabla ya hapo, unaambiwa lakabu yako, jina lako la kwenye gumzo, inatumika, nawe unaingia na ile iliyoongezwa kistari cha chini. Watu wanaendelea kuiandikia ile ya kwanza, ambayo sasa ni mzimu tu. Uliyesajili lakabu unaweza kumwambia NickServ, huduma ya mtandao inayotunza lakabu, aufukuze mzimu huo, lakini yaliyosemwa kwake hayarudi.

Kwa maoni yangu, uwepo wako kwenye gumzo usikae ndani ya kompyuta uliyoikalia. Ukae kwenye mashine moja ndogo isiyozimwa, nawe uifikie kutoka popote ulipo, kama sanduku la posta linalopokea barua ukiwa safarini Busia.

Njia ya kwanza ni ya zamani na bado ni imara: unaendesha irssi au WeeChat, programu za kutumia IRC, ndani ya tmux, inayoziacha zikiendelea hata ukiondoka, kwenye hiyo mashine isiyozimwa, yaani seva yako, kisha unaingia kwa SSH, njia salama ya kuifikia kompyuta ya mbali, kutoka mashine yoyote. Ukikatika, programu haikatiki. Ukirudi unakuta maneno yote kwenye skrini. Kwa bando la simu linaloyumba, Mosh, programu ya kazi hiyo hiyo, ni bora kuliko SSH ya kawaida, kwa sababu inavumilia kubadilisha mtandao katikati ya kazi.

Njia ya pili, ninayoipenda zaidi, ni ZNC, programu nyingine inayokaa kwenye seva yako. Inakaa katikati: yenyewe ndiyo inayounganishwa na Libera.Chat usiku na mchana, na kompyuta zako zinaunganishwa nayo, hata kadhaa kwa wakati mmoja, zote kwa lakabu ile ile. Ukifika, inakumwagia yaliyopita ulipokuwa mbali. Hapa pana jambo linalowachanganya wengi. ZNC ikishakupa akiba ya chaneli, kwa kawaida huifuta. Basi unasoma kwenye simu ndani ya matatu, ukifika ofisini ukawasha kompyuta, chaneli ni tupu. Mtu anadhani ZNC imeharibika. Dawa ni kuzima mpangilio unaoitwa AutoClearChanBuffer, ili kila mashine ipate historia yake. Utarudia kusoma mistari michache, lakini hakuna kitakachokupita.

Mifumo mingine ilikuja kugundua tatizo hili hili kwa kuchelewa. XMPP, mfumo mwingine wa gumzo ulioanza kwa jina la Jabber mwaka wa 1999, uliruhusu mashine nyingi tangu mwanzo, kila moja na jina lake mwishoni mwa anwani, ila ujumbe ungeweza kutua kwenye moja na nyingine zisiuone. Baadaye ndipo viongezo viwili, Carbons na MAM, vilipoleta nakala kwa kila mashine na hifadhi kwenye seva. WhatsApp ya kwenye kompyuta ilikuja mwaka wa 2015, na kwa miaka kadhaa simu ilipozima chaji, kompyuta nayo ilinyamaza. Tangu 2021 vifaa hadi vinne vinaweza kujitegemea, mradi simu isikae zaidi ya siku 14 bila kutumika.

Kikwazo cha kweli kwetu ni hiyo mashine isiyozimwa. Seva ya kukodi hulipiwa kwa dola kila mwezi, na mwanafunzi hana kadi wala dola. Ndiyo maana nasema tufanye chama. ZNC moja hubeba watumiaji wengi, kila mmoja na nenosiri lake, na haihitaji mashine yenye nguvu. Wanafunzi kumi wakichanga kidogo kidogo kwa M-Pesa, mmoja mwenye kadi analipa. Au wanunue Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayokula wati chache tu, waiweke pamoja na ruta kwenye betri nyumbani kwa mwenzao. Tumezoea kuchangia harusi, matanga na ada ya shule. Hili nalo linachangika.

Mnayempa ufunguo wa seva, mchagueni kwa makini. Msimamizi anaweza kusoma yote yanayopita pale, hata ujumbe wa faragha. Awe mtu mnayemwamini, na mkubaliane mapema nani atashika usukani akihama kwenda Nairobi kikazi.

Tena, kompyuta ya saiba isiguse nenosiri la seva yenu hata siku moja. Hujui kimewekwa nini humo cha kunasa unachoandika. Ukiwa saiba, soma gumzo kwenye simu yako.

Wazazi na hata walimu wengine watauliza: sasa mtoto ashinde mtandaoni usiku kucha? La. Anayeshinda macho ni yule anayeogopa kuzima mashine jibu lisije likampita. Kwenye ZNC kuna moduli ya simple_away: programu zako zote zikishajitoa, inakutangaza kuwa haupo. Anayekuandikia faraghani anaona hivyo, anaacha ujumbe wake, na wewe unalala.

Ombi langu ni kwa wanaofundisha kompyuta kwenye vyuo vya huku magharibi. Wiki mnayowafundisha wanafunzi Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, tengeni kipindi kimoja cha haya: tmux, ZNC, kusajili lakabu, na kuuliza swali kisha kulisubiri. Mashine moja ya maabara isiyotumika, ikiwekewa Debian na kuachwa ikiwaka kwenye UPS, betri ya akiba stima ikipotea, inatosha darasa zima.