Mrudishieni mama mbuzi yake

Siku tuliyoiondoa mbuzi ya nazi jikoni, mama hakusema kitu. Alikuwa na miaka 76, na alikuwa akikuna nazi juu ya kibao kile tangu alipoolewa. Sisi wanawe tulikaa kikao tukaamua kwamba imetosha. "Mama, pumzika sasa. Umetulea, umechoka. Kazi zote ni zetu." Ndugu yangu aliye Mombasa akatuma pesa, tukanunua mashine ya kusagia, na mbuzi ikatupwa chini ya ngazi pamoja na vyungu vikuukuu. Majirani walitusifu.

Miezi minane baadaye mama hakuweza kuondoka kitandani bila ya kushikwa mikono yote miwili.

Naandika haya kwa sababu hapa Lamu, kuanzia Mkomani mpaka Langoni, naona kosa hili likirudiwa nyumba kwa nyumba, tena kwa mapenzi ya kweli. Mzee akishafika umri fulani, tunamkalisha. Chai inamfuata alipo, maji yanamfuata, hata kanga anakunjiwa. Ukiuliza, utaambiwa ndiyo heshima. Mimi nasema kumkalisha mzee ambaye bado anaweza ni kumdhuru, na najua wapo watakaonikasirikia kwa neno hili.

Hebu itazameni mbuzi yenyewe. Kibao chake kiko shubiri moja na nusu tu kutoka sakafuni. Mtu hawezi kukikalia mpaka akunje magoti, ateremke polepole, ajizuie asidondoke. Akishakaa, mikono miwili inakizungusha kizio cha nazi kwenye meno ya chuma, mabega yanafanya kazi, kiwiliwili kinajishikilia chenyewe kwa sababu hakuna pa kuegemea. Nazi ikiisha, mapaja yambebe tena mpaka asimame wima. Wataalamu wa viungo wakitaka kujua nguvu za miguu ya mzee, humwambia akae kitini na ainuke, akae na ainuke, kwa nusu dakika, mikono imefumbatwa kifuani, nao wanahesabu. Mama alikuwa na zoezi hilo jikoni kwake kila siku ya Mungu. Tukamwondolea, tena tukalipia.

Msuli ukiachwa hunywea. Kijana akilazwa wiki mbili hupungua, lakini akirudi kwenye shughuli zake hujaza upesi. Mzee hupoteza haraka na kurudisha kwa taabu. Kwa hiyo kila kazi ndogo unayompokonya leo, kesho itakuwa ngumu kumrudishia.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtu wa miaka 65 na zaidi apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na siku tatu au zaidi afanye mambo yanayotia nguvu na kumzoeza kusimama imara. Sisi watu wa kisiwani hatuhitaji ukumbi wala mashine kwa hayo. Tuna vichochoro vya kutembea, tuna ngazi, tuna nguo za kufua na kuanika darini. Tuna sala: rakaa za faradhi ni 17 kwa siku, sijda 34, na ndani yake mna kuinama, kuteremka na kunyanyuka. Dini imemruhusu asiyeweza kusimama asali amekaa, na ruhusa hiyo ni rehema kubwa. Lakini sisi tulimwekea mama kiti cha kusalia kabla yeye mwenyewe hajatwambia kwamba hawezi.

Alianguka chooni, alfajiri, akienda kutawadha. Anayezijua nyumba zetu za mawe ataelewa: ngazi nyembamba zenye vipandio visivyolingana, kizingiti kirefu, na sakafu ya chokaa ambayo ikilowa ni kama imepakwa mafuta. Alhamdulillahi nyonga ilisalimika, ukavunjika mkono wa kushoto. Wengine hawakupata bahati hiyo. Duniani watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na kundi linalopoteza wengi zaidi ni la waliovuka miaka 60.

Lakini sakafu haikuwa na lawama peke yake. Baada ya kurudi hospitali nilizimwaga dawa zake zote juu ya mkeka, nikaanza kusoma maandishi madogo ya kwenye maboksi. Moja tulipewa kwenye zahanati, nyingine tulinunua duka la dawa siku ile tulipoambiwa ya kwanza imekwisha. Maboksi rangi tofauti, majina tofauti, na ndani yake dawa ni moja: amlodipini, ya presha. Mama alikuwa akimeza dozi mbili kila siku na hakuna mahali tulipoulizwa anatumia nini kingine. Presha ikishuka kupita kiasi, mtu akisimama ghafla huona kiza, miguu ikamwacha.

Tangu hapo dawa zake zinakaa kwenye mfuko mmoja wa kitambaa, na popote tunapokwenda kuonana na daktari mfuko mzima unakwenda, hata zile za macho na za tumbo. Na alfajiri mama haamki akaenda. Hukaa kwanza ukingoni mwa kitanda, akachezesha nyayo, akavuta tasbihi 33, ndipo akasimama.

Tulitia pia mti wa mkoko uliopigwa randa, ukutani kando ya ngazi, na mwingine chooni karibu na birika la maji, wa kushikilia. Kuna aliyeniambia naharibu sura ya nyumba ya kale. Mji wetu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001 na mimi ni wa kwanza kujivunia. Lakini boriti za mkoko zimebeba madari ya nyumba hizi kwa karne na karne, na sioni ubaya moja ikimbeba mwenye nyumba.

Jambo jingine linalonisumbua ni tofauti ya wazee wanaume na wazee wanawake. Mwanamume wa miaka 80 hapa bado ana sababu ya kutoka. Ana msikiti mara tano, ana baraza, ana kahawa chungu jioni, ana wenzake wa kubishana nao habari za bahari na siasa. Asipoonekana siku mbili, wenzake huuliza yuko wapi, huja kumtazama. Bibi wa umri huohuo yuko orofani. Zamani alitoka kwa ajili ya harusi, matanga, kumjulia hali mzazi aliyejifungua. Miguu ikianza kusita, ngazi ndiyo inakuwa ukuta wake. Mama alikaa miezi mitatu bila ya kuonana na rafiki yake aliyesoma naye chuo cha Kurani utotoni, na nyumba zao haziachani hatua mia mbili. Nilipomteremsha kwenda kumwona, walishikana mikono hawakuachana mpaka adhana ya Magharibi. Usiku ule alikula wali wote kwenye sahani yake.

Kwenye chakula sina mengi. Mzee akikosa meno tunamgeuzia uji na chai na mkate asubuhi, mchana na usiku, halafu tunashangaa mwili unakwisha. Mpe samaki aliyechambuliwa miiba, mayai, mbaazi za nazi, kunde zilizoiva sana; msuli hujengwa kwa hivyo. Chumvi haitakiwi kufika kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, na sisi tuna papa wa chumvi na achari kila mlo. Na maji mpe hata kama hakuomba, kwa sababu kiu hupungua mtu akizeeka ilhali haja ya maji iko palepale.

Sasa nije kwa mlezi, na hapa nitasema yaliyo moyoni.

Kumngoja mama anyanyuke mwenyewe huchukua dakika nne. Kumwinua kwapani huchukua sekunde kumi. Nikiwa peke yangu, chungu kiko motoni, mtoto anataka kupelekwa chuoni, mteja wangu wa kushona amesimama dakani mlangoni, nilikuwa namwinua. Nilijua kwamba haimfai. Mwenyewe alikuwa akiniambia, "Niwate, mwanangu, niinuke mwenyewe," nami nikamwambia, "Mama, nina haraka." Kila nilipofanya hivyo nilimpunguzia nguvu, na mgongo wangu nao ukaniharibikia. Usiku niliamka mara tatu. Kuna siku nilimfokea kwa sababu ya kikombe kilichomwagika, kisha nikajifungia jikoni nikalia.

Ndugu zangu walikuwa wakituma pesa, na ninawashukuru, kwa sababu mkono uliovunjika uligharimu boti ya kwenda Mokowe upande wa bara, gari na dawa. Ila pesa haiwezi kumngoja mtu anyanyuke. Nguvu za miguu ya mzee zinategemea kama mlezi wake ana nafasi ya kumsubiri, na mlezi aliyeachwa peke yake hana nafasi hiyo. Karibu kila nyumba ninayoijua ina binti mmoja, aliyeachika au asiyeolewa, au mke wa mwana, ambaye amekabidhiwa mzee bila ya kuulizwa. Tunaisoma Suratul Israa, aya ya 23, inayotukataza kuwaambia wazazi wetu hata "ah". Aya ile haikuteremshwa kwa mabinti peke yao.

Niliitisha kikao na mara hii sikuomba pesa, niliomba watu. Ndugu yangu wa Mombasa sasa huja siku kumi kila baada ya miezi mitatu, analala chumba cha mama, anamteremsha ngazi, anamfulia. Mara ya kwanza ilikuwa tabu. Siku ya nne alikaa kando yangu akasema, "Dada, sikujua." Wiki nyingine mpwa wangu anashika usiku wa Alhamisi na Ijumaa, nami nalala.

Ibara ya 57 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataja haki za wazee kwa mpangilio ambao kila familia ingefaa kuusoma. Ya kwanza ni kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Inafuata kujiendeleza, kisha kuishi kwa heshima bila ya kudhulumiwa. Kutunzwa na familia na Serikali kumekuja mwisho. Nyumbani kwetu tulikuwa tumeigeuza: tulianza na kutunza tukaishia hapo. Mama alipofika miaka 70 aliandikishwa kwenye Inua Jamii, mpango wa Serikali wa kuwapa wazee pesa, shilingi 2,000 kwa mwezi, na kwa miaka yote ile sisi ndio tuliopokea, sisi ndio tuliopanga zitumike vipi. Nilipompa mkononi na kumuuliza anataka nini, alisema ukili, asuke mkeka wa mjukuu anayeolewa.

Na mbuzi nimeirudisha. Niliitoa chini ya ngazi, nikaiosha, nikampelekea seremala akaitia miguu mipya, ikapanda vidole vinne ili magoti yasiteseke. Mkono wa kushoto haujarudi sawasawa, kwa hiyo hukikamata kizio kwa shida kidogo. Mimi husimama karibu, mikono nimeifunga nyuma nisije nikamshika. Nusu ya nazi anakuna yeye, nusu nakuna mimi.