Usiifute Namba Kabla Hujarudi Kwenye Fomu

Kila nikipokea faili la takwimu za afya lililosafishwa na mtu mwingine, huuliza kwanza: namba ngapi zimetolewa, na kwa nini? Jibu huwa lilelile. "Tumetoa zote zilizopita mikengeuko sanifu mitatu kutoka kwenye wastani." Linasemwa kwa utulivu kabisa, kana kwamba ni sheria. Mimi silikubali.

Hesabu yenyewe haina ubaya. Mkengeuko sanifu hupima tu namba zimetawanyika kiasi gani kuzunguka wastani. Takwimu zikijipanga kwa umbo la kengele, nyingi katikati na chache pembeni, takriban asilimia 68 hukaa ndani ya mkengeuko mmoja kila upande wa wastani, 95 ndani ya miwili, 99.7 ndani ya mitatu. Ila hiyo ya mwisho isome tena. Ukipima watu 10,000 wenye afya zao, kama 27 hivi watatoka nje ya mpaka bila yeyote kukosea kitu. Ndivyo walivyoumbwa.

Kwenye sampuli ndogo mambo huharibika kabisa. Chukua uzito wa watoto wachanga 10, kwa kilo: 2.8, 2.9, 3.0, 3.0, 3.1, 3.1, 3.2, 3.3, 3.4 na 32. Hiyo ya mwisho hata asiyependa hesabu ataikamata. Aliyeingiza takwimu kasahau nukta ya 3.2. Sasa iulize kanuni. Wastani unaruka hadi 5.98, mkengeuko sanifu unafika 9.14, na ile 32 inakaa umbali wa mikengeuko 2.85 tu. Imesalimika! Na hata ungeandika kilo 3,000 ingesalimika vilevile, kwa sababu kwenye vipimo 10 hakuna namba inayoweza kuvuka 2.85. Kosa ndilo linalouvuta wastani na kuutanua mkengeuko, kisha tunalipima kwa rula ambayo lenyewe limeipinda. Kesi ya ngedere, hakimu nyani.

Ndiyo maana huanza na namba ya katikati, zikipangwa kutoka ndogo hadi kubwa. Hapo ni 3.1, na ile 32 haiitikisi. Tazama kila namba iko umbali gani kutoka 3.1, chukua umbali wa katikati, ambao ni 0.15, uzidishe kwa 1.4826 ili ulinganike na mkengeuko sanifu wa kwenye kengele. Kwa kipimo hicho, 32 iko mbali mara 130 hivi. Haina pa kujificha.

Siku za kulazwa hospitalini nazo hazijui kengele ni nini. Wengi hutoka mapema, wachache hukaa wiki kadhaa. Wastani ukiwa siku 6 na mkengeuko 7, mpaka wa chini unaangukia siku -15, na sijui ni mgonjwa gani huyo. Takwimu zenye mkia mrefu namna hii huzigeuza kwanza kuwa logi, hesabu inayoufupisha mkia huo, ndipo nianze kushuku chochote.

Lakini linaloniudhi hasa ni haraka ya kufuta. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mtoto ambaye uzito wake kwa urefu uko chini ya mikengeuko -3, yaani mitatu chini ya kiwango cha kati, ana utapiamlo mkali. Sasa mtu anafanya utafiti wa utapiamlo, halafu anaanza kwa kuwafuta wote waliopita -3! Kawafuta walewale aliokwenda kuwatafuta. Shirika lenyewe, kwa kipimo hicho, huweka alama ya kutilia shaka namba ikishuka chini ya -5 au kupanda juu ya +5, na hata hiyo ni alama ya kukuambia ukachunguze.

Niliwahi kukaa na kijana aliyekuwa akisafisha takwimu za aina hiyo. Kwenye kioo chake kulikuwa na -4.2, imewaka nyekundu, na kidole chake kilishafika kwenye kitufe cha kufuta. Nikamwomba tuitafute fomu kwanza. Ilituchukua karibu saa nzima kupekua maboksi. Mtoto alikuwa amepimwa uzito mara mbili, tofauti gramu 100, na pembeni mpimaji alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu: "Amepelekwa hospitali leo leo."