Nimelipa elfu 85 kwenda kunyeshewa

Jamani kuna watu hawapendi kuona mwenzao amekaa. Jumamosi yangu mimi inajulikana mtaa mzima, naamka saa tatu, chai na chapati mbili, natoka kibarazani na singlendi nabishana na jirani habari za Simba na Yanga mpaka magharibi inaingia. Sasa mwezi wa nne kazini kwetu likafunguliwa grupu la WhatsApp lina picha ya mlima, nikajikuta nimeshaingizwa humo bila kuulizwa, na kutoka siwezi kwa sababu bosi yumo.

Afisa utumishi anasema eti haiking inajenga umoja wa wafanyakazi. Umoja upi dada yangu, sisi mbona tumeungana siku zote, mshahara ukichelewa siku mbili tu utatusikia tunaongea kwa sauti moja kama kwaya. Elfu 85 kwa kichwa kwenda Morogoro. Nikapiga hesabu, treni ya umeme daraja la kawaida ni 13,000, kwenda na kurudi 26,000, hii nyingine ya nini? Nikajibiwa kwenye grupu: chakula, Costa ya kutupokea na gaidi. Mama watoto akaisoma ile meseji juu ya bega langu, akakaa kimya kidogo, akaniuliza, "Baba nanii, mnamlipia gaidi?" Nikamwambia ni yule kijana anayeonyesha watu njia mlimani. Akasema haya, ila namba ya siri ya simu niachie kabisa, lolote linaweza kutokea.

Na huo ni mwezi wa nne, masika yenyewe! Mtu mzima mwenye akili zake anaipangaje Uluguru mwezi wa nne, ile milima inapokea mawingu yote yanayotoka baharini inayakamua pale pale kama nguo ya kufua. Moro wanaiita mji kasoro bahari, basi siku ile nadhani bahari nayo ilichoka kusemwa ikaamua kuja yenyewe.

Treni sina neno, haijafika hata masaa mawili tuko Kihonda, mtoto wa mapokezi alikuwa hajamaliza hata kujipiga picha. Tukapandishwa Costa mpaka Boma, manyunyu yakaanza. Gaidi wetu huyu hapa, kijana mwembamba kavaa yeboyebo, hana koti, hana begi, kashika kijiti. Mimi nimevaa raba za mtumba za elfu 35 ambazo aliyeniuzia aliniapia kwa marehemu baba yake kwamba hizi wazungu wanapandia milima ya barafu. Yule kijana akaziangalia zile raba, akaniangalia mimi, akasema, "Mzee wangu, wewe utatembea nyuma yangu hapa." Nina miaka 43. Mzee.

Udongo wa kule ni mwekundu, ukilowa ni mlenda. Mguu unakuja, raba inabaki nyuma inafikiria. Nikawa nauliza bado mbali? Hapo tu. Baada ya nusu saa, bado? Hapo tu mzee wangu, tukimaliza hiyo migomba. Migomba ikaisha yakaja matuta ya karoti, yakaisha yakaja ya kabichi, mlima mzima umelimwa mpaka sehemu ambazo mimi nilipita kwa magoti, unajiuliza aliyelima pale alijifunga na nini asibiringike na jembe lake hadi mjini. Jamaa wa kompyuta alikuwa ametangulia na simu yake inahesabu hatua, huyo alianguka mara tatu na kila akianguka simu inampongeza.

Mara tukapishana na akina mama wanashuka sokoni, kila mmoja ana tenga la mboga kichwani, peku, hawashiki kitu, wanapiga stori kabisa. Wakasimama pembeni watupishe, sisi vijana na wazee wa ofisi tunaotambaa.

"Poleni jamani. Mmefuata nini huku na mvua yote hii?"

Watu kimya. Afisa utumishi akajikaza, "Tunafanya mazoezi mama."

"Kha! Mngesema, mi nina shamba halijapaliliwa hapo juu."

Wakacheka hao wakashuka. Nakuambia kwenye ile safari nzima hakuna aliyeongea maneno ya maana kuliko yule mama.

Kufika Morningside saa saba, hoi. Ni nyumba waliyojenga Wajerumani enzi zao, wanasema ukisimama pale unaona Moro yote iko chini yako. Mimi nilimuona mtu aliyesimama mbele yangu, basi, na yeye nilimtambua kwa kukohoa. Ukungu mweupe pee. Tukapiga picha ya pamoja, ukiiangalia ni watu 19 waliolowa wamesimama mbele ya shuka, picha ambayo ningeweza kuipiga kwangu Kimara kwa kamba ya kuanikia nguo na vibanio viwili. Chakula nacho kilikuwa wali umeshaingiwa na mvua kwenye kontena, ukawa uji wenye kuku. Kilichoniokoa ni bibi mmoja wa kijiji cha njiani wakati wa kushuka, tulimpa shikamoo akatuona tunavyotetemeka akatukaribisha kwa magimbi ya kuchemsha na chai ya rangi. Lile gimbi nilitamani kumuoa aliyelipanda.

Sasa lililoniuma ni hili. Njia yote ile kuna mto pembeni unanguruma, na kila kona maji yanatoka, kwenye mwamba maji, chini ya mgomba maji, katikati ya njia maji. Gaidi akaanza kutusomesha, kwamba haya yanashuka mjini, yanaingia Ngerengere, Ngerengere inamwaga Ruvu, "na Ruvu ndo mnayokunywa nyie wa Dar." Nikasimama. Kwangu bomba lina siku ya nne linakohoa upepo. Nikayaangalia yale maji kama vile umemkuta mdeni wako ukumbini kwenye harusi anamtunza bibi harusi noti za elfu kumi kumi. Kumbe mko huku!

Nikiwa bado namuangalia mdeni wangu, soli ya raba ya kulia ikabanduka, ikaning'inia kama ulimi wa mbwa. Gaidi hakusema kitu, akakwanyua gamba la mgomba, akalisokota, akaifunga raba yangu mafundo mawili, kwisha habari. Ile kamba ilinifikisha Boma, ikanifikisha Kihonda, ikapanda na treni. Humo kwenye treni kiyoyozi kinapuliza utadhani wamebeba samaki, na mimi boksa imelowa, watu wananikwepa siti, meno yanagongana mpaka Pugu.

Nimeingia nyumbani saa nne kasoro. Mama watoto akaanza na miguu, akapanda na macho taratibu mpaka kichwani, tope limekauka hadi kwenye nyusi.

"Baba nanii, hizo nguo zitafuliwa na maji gani?"

Nikamwambia mwenzangu, nilikotoka maji yalikuwa mengi mno.

"Sasa si ungekuja nayo."

Nikachukua madumu mawili, nikaenda kwa jirani mwenye kisima, dumu 500, foleni ya watu sita na mimi wa saba. Mzee wa mbele yangu akanitazama nilivyolowa, akatazama juu, kukavu, nyota zimejaa. Akashuka mpaka kwenye raba na ile kamba ya mgomba.

"Kijana," akaniambia, "we mbona kama ushachota?"