Panya hajaandikwa kwenye bima yangu kubwa

Niliporudi kutoka msibani Songea baada ya wiki tatu, nilikuta gari langu, Toyota IST, pale pale nilipoliacha, kando ya banda la kuku nyumbani Kimara. Liliwaka kwa starti ya kwanza, ila injini ikawa inatetemeka kama mtu mwenye homa, na ile taa yake kwenye dashibodi ikagoma kuzima. Mimi nikasema plagi. Fundi wangu wa umeme alifungua boneti, akanyamaza kidogo, kisha akaniita: "Dada, njoo uwaone wapangaji wako."

Wapangaji wenyewe walikuwa wameshahama. Waliacha maganda ya karanga, manyoya ya kuku na kiota cha duara kilichotengenezwa kwa kitambaa cha chini ya boneti, kimechambuliwa kwa ustadi kama godoro la bibi arusi. Nyaya za nozeli mbili, zile zinazopuliza mafuta kwenye injini, zilikatwa kama kwa wembe, nyingine zimebaki shaba tupu. Kutafuta nyaya, kuunga, kupima na mashine: shilingi 380,000.

Sikutaharuki, maana nina bima kubwa. Gari nililithaminisha milioni 12, ada ya bima ni asilimia 3.5 yake, yaani 420,000, ukiweka VAT inakuwa 495,600. Mwenye bima ndogo analipa 118,000 na anajua wazi kuwa gari lake mwenyewe halimo. Mimi nimelipa zaidi ya mara nne yake ili la kwangu liwemo.

Wakala alinipa pole nyingi. Wiki iliyofuata ikaja barua yenye pole nyingine, ikieleza kuwa madai hayalipiki kwa sababu uharibifu huo unahesabika kama uchakavu na hitilafu ya umeme. Panya husifika kwa kuuma huku akipuliza. Sikujua kama ameshafungua ofisi. Nilipompigia wakala alinijibu, tena kwa nia njema kabisa: "Dada, tatizo ni kwamba gari halikuungua. Lingeungua, tungekuwa na pa kuanzia."

Hapo ndipo ninapogomba. Uchakavu ni mpira wa bushi kuisha kwa mashimo ya barabara zetu. Hitilafu ya umeme ni kifaa kufa chenyewe. Panya ni kiumbe kilichotoka nje ya gari, usiku, bila ruhusa yangu, kikauma waya uliokuwa mzima jana yake. Meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote, kwa hiyo lazima atafune kitu ayapunguze, na waya wa gari haumshindi. Kama jiwe likiruka na kupasua kioo ni ajali, sioni jino linatofautianaje na jiwe.

Najua kampuni nayo ina lake. Panya hana shahidi, hana ripoti ya polisi, na mtu anayeegesha gari jirani na gunia la pumba amejitakia kidogo. Nakubali. Kampuni ikiandika wazi kwamba uharibifu wa panya na wadudu haumo, nitasaini nikijua na nitahamisha kuku. Mkataba wangu nimeusoma mara mbili, safari hii na miwani: panya hatajwi popote, si kwenye yaliyomo wala yasiyomo. Jambo lisilotajwa lisitafsiriwe upande mmoja tu kila siku.

Wajerumani wana tatizo kama hili, ila lao huletwa na mnyama mdogo wa manyoya wanayemwita Marder, anayependa kulala kwenye injini na kutafuna mipira na nyaya. Kule bima ya kati, ile iliyo chini ya bima kubwa, kwa kawaida inamtaja: kuumwa kwa nyaya kunalipwa. Mabishano yanabaki kwenye madhara yanayofuata baadaye, mfano injini ikiharibika kwa sababu ya bomba lililotobolewa. Angalau wanabishana juu ya mnyama aliyeandikwa.

Ningeweza kwenda kulalamika TIRA, mamlaka inayosimamia bima, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Sikwenda. Ukitoa kile kiasi cha kwanza ambacho mkataba unanibebesha mwenyewe, kilichobaki kingeishia kwenye nauli na siku za kazi. Kwako wewe uliyepoteza milioni mbili, nenda. Piga picha kabla fundi hajagusa kitu, na usitupe nyaya zilizoliwa.

Kuhusu kinga, usitumie sumu. Niliijaribu wiki ya kwanza. Mmoja akafia ndani ya mfereji wa kiyoyozi, na harufu ile siwezi kuieleza hapa kuna watu wanakula. Siku hizi gari likilala muda mrefu naacha boneti wazi, kwa sababu panya anapenda giza na joto. Honda wanauza utepe wa kufungia nyaya uliotiwa ukali wa pilipili. Fundi wangu anaamini pilipili kichaa iliyosagwa ingetosha. Bado sijamruhusu.

Bima yangu inaisha mwezi huu. Nimewaandikia barua pepe mawakala watatu swali moja: panya akikata nyaya za gari langu, mnalipa au hamlipi? Wawili wamepiga simu na kuniambia nisiwe na wasiwasi. Mmoja ameandika, "Hatulipi." Huyo ndiye ninayezungumza naye bei.