Nani kasema kutafakari lazima unyamaze?

Kwenye grupu la WhatsApp la jengo letu huku Upanga yupo jirani mmoja ambaye cheo chake ni kulalamika. Maji yakikatika, analalamika. Yakirudi, analalamika yana kutu. Juzi zamu ikawaangukia akina mama wa ghorofa ya pili wanaokutana jioni kuimba bhajan, nyimbo za ibada za Kihindu. Akaandika: "Hawa si ndio wenye yoga na kutafakari? Mbona hawatafakari kimya kimya kama wenzao? Matoazi saa 11 jioni ndiyo ibada gani?" Na chini yake, jamani, vidole gumba vikajipanga kama foleni ya sukari.

Kama wenzao! Wenzao wepi? Nimewatafuta sana hao wenzao na nadhani nimewapata: ni yule dada wa kwenye matangazo, kavaa nguo nyeupe za kubana, kakaa juu ya jiwe kando ya bahari, kafumba macho, na pembeni bei ya kifurushi cha mwezi. Huyo ndiye amekuwa shehe wetu wa mambo ya Wahindu. Asiyefanana naye basi hatafakari, anapiga kelele tu.

Mimi si Mhindu. Nimekulia Tanga, nyumba ya Kiislamu, na bhajan nilikuwa nazisikia dirishani kama nilivyozisikia kengele za kanisa, bila kuzijali. Lakini zulia la Ba wa ghorofa ya pili nimelikalia jioni nyingi (jengo zima linamwita Ba, kama wajukuu zake, na hata mlinzi), kwa hiyo nitasema kidogo ninachokijua.

Kwanza malalamiko yenyewe yana miaka mia tano. Bengal huko India, mji wa Navadvip, mwanzoni mwa karne ya 16: kijana mmoja mwalimu wa sarufi ya Kisanskriti (lugha ya maandiko ya Kihindu), Chaitanya, aliyezaliwa 1486, anasafiri kwenda Gaya, mji wa hija, na kurudi mtu mwingine kabisa. Sarufi haimshiki tena. Usiku anakusanyika na wenzake nyumbani kwa mtu, wanaimba majina ya mungu Krishna mpaka kunakucha. Na majirani? Walilalamika, bila shaka! Waandishi wa Kibengali wa karne ile ile wametuhifadhia hata hoja za watu wa mji ule, na ni tamu kuliko za grupu letu: kwamba Vishnu (mungu ambaye Krishna ni umbo lake) hulala miezi minne ya mvua, na hawa wapiga makelele watamwamsha, naye akikasirika mchele utapanda bei. Mfumuko wa bei kwa sababu ya matoazi! Angalau wale walikuwa na nadharia ya uchumi.

Kadhi wa mji akaingilia. Inasimuliwa kwamba ngoma ya udongo ilivunjwa na amri ikatoka: marufuku kuimba hadharani. Chaitanya akajibu kwa kuutoa uimbaji nje ya nyumba kabisa. Umati ukashika mienge, ukagawanyika makundi, ukaimba barabarani hadi mlangoni kwa Kadhi. Mwisho wakakaa wakazungumza, na marufuku ikafa. Waliosimulia ni wafuasi wake, kwa hiyo chumvi imo. Ila kuimba kwa maandamano mitaani kupo mpaka leo, na kunafuata mtindo ule ule.

Sasa nije kwenye kiini, maana hapa ndipo jirani yangu anapokosea, na anakosea pamoja na watu wengi waliosoma kumzidi.

Ubishi wa sauti na ukimya haukuletwa na sisi wapangaji. Wahindu wenyewe wamebishana juu yake tangu zamani. Na nakubali, kwa shingo upande, kwamba jirani yangu ana shahidi mkubwa bila kujua: kitabu cha kale cha sheria za Kihindu, kile cha Manu, kinasema kuvuta uradi kunashinda kafara za kawaida mara kumi, ukiuvuta kwa kunong'ona mara mia, ukiuvuta moyoni bila sauti mara elfu. Haya, apige makofi. Kwa Manu ukimya ndio juu.

Lakini kulikuwa na Haridas. Alizaliwa katika familia ya Waislamu, akawa miongoni mwa watu wa Chaitanya, na inasemekana alikuwa akitaja majina ya Mungu mara laki 3 kwa siku, kwa sauti. Brahmini mmoja (mtu wa tabaka la juu, la makuhani) akamkabili mbele za watu: nani kakufundisha kupayuka hivyo, maandiko yanasema utaje moyoni. Haridas akamjibu kwamba anayetaja kimya anajinufaisha peke yake. Anayetaja kwa sauti anamnufaisha kila anayesikia, hata wanyama, ndege na wadudu ambao hawana ulimi wa kutamka. Brahmini, kama kawaida ya aliyeshindwa hoja, akageukia matusi.

Nimelifikiria sana jibu hili. Yule dada wa kwenye jiwe, utulivu wake wote unaishia ndani ya ngozi yake. Kalipia, kajipatia, kaondoka nao. Haridas anasema ibada yako ina wajibu kwa mende. Kwa mende! Ukiona hilo ni dogo, jaribu kufikiria mara ya mwisho ulipofanya jambo la kiroho ambalo jirani alinufaika nalo bila kuombwa sadaka.

Halafu kuna suala la kazi yenyewe. Watu wanadhani kuimba ni kustarehe na kunyamaza ndiko kufanya bidii. Njooni mkae kwa Ba. Mmoja anaimbisha mstari, wengine wanapokea. Anaurudia, wanapokea. Mstari wenyewe mara nyingi ni majina matupu ya Mungu, hauna hadithi ya kufuata wala cha kuelewa zaidi ya ulichoelewa mara ya kwanza. Unaanza polepole kiasi cha kuchosha. Mawazo yanataka kutoroka, lakini yataenda wapi, zamu yako ya kupokea imeshafika. Ukizubaa unapokea nyuma ya wenzako na zulia zima linakusikia. Taratibu mwendo unapanda, manjira (yale matoazi madogo ya mkononi) yanakaza, dholak (ngoma ya kupigwa kwa mikono) inakimbia, kila pumzi inaishia kwenye jina na inayofuata inaanzia hapo hapo. Kisha ghafla wanakata. Ukimya unaokuja baada ya hapo sijawahi kuupata kwa kukaa tu nimefumba macho, na nimekaa sana nimefumba macho.

Niliwahi kumuuliza Ba kwa nini hafanyi ile ya kimya. Akaniambia, "Mwanangu, nikikaa kimya nawaza madeni ya duka." Shanga anazo, zile 108, na anazivuta kila alfajiri, ila anakiri vidole huendelea vyenyewe huku akili iko kwenye bei ya unga. Kwenye kundi hapati nafasi hiyo. Aliyekulia karibu na halaka ya dhikri ataelewa bila maelezo, japo masheikh wa pande zote mbili wasingependa niwaweke zulia moja, na wana haki: anayetajwa na namna ya kumtaja si jambo dogo.

(Wapenzi wa "sayansi imethibitisha", haya chukueni yenu mwende: mwaka 2001 watafiti wa Italia walichapisha vipimo vya watu 23, wakaona kwamba kusali rozari kwa Kilatini na kutamka mantra (uradi) ya Kibudha, vyote viwili hushusha pumzi hadi kama 6 kwa dakika, na moyo ukapiga kwa mpangilio mzuri zaidi. Vyema. Ba hakuhitaji kufungwa waya kifuani.)

Kinanda chake, harmonium, nacho kina visa vyake. Ni cha Ulaya. Huko kilipigwa kwa kukanyaga, mpaka Dwarkanath Ghose wa Calcutta katika karne ya 19 akakifanya cha kupulizwa kwa mkono, mpigaji akae chini. Redio ya taifa ya India ikakipiga marufuku kuanzia 1940 hadi 1971 eti si cha Kihindi na hakiwezi kuyumbisha sauti inavyotakiwa. Mahekaluni hakuna aliyeisikiliza redio. Na huku kwetu kikapita hadi kwenye taarabu ya Mombasa pamoja na tabla, kwa hiyo wanaosema ile sauti ni ngeni masikioni mwao wakamuulize bibi yao alicheza nini harusini.

Ila usidhani kila kinachotamkwa kwa sauti huko India kiko wazi kwa kila mtu. Usomaji wa Veda, maandiko ya kale kabisa ya Kihindu, ule ambao UNESCO iliutangaza urithi mwaka 2003, ni kazi ya kustaajabisha: wanafunzi wanayakariri maneno mbele na nyuma, kwa kuyasuka mawilimawili na matatumatatu, ili isipotee hata silabi. Lakini kwa karne nyingi mwanamke na mtu wa tabaka la chini hawakuruhusiwa hata kuusikiliza. Ndiyo maana wimbo wa lugha ya nyumbani ulikuwa mlango. Nyimbo nyingi za Ba ni za Narsinh Mehta wa Junagadh, karne ya 15, Kigujarati cha kawaida, kile kile kilichopanda majahazi kuja Zanzibar na Mombasa. Huyu alikuwa Brahmini wa ukoo wa kujisikia. Walioitwa wasioguswa wakamwomba aende akaimbe kwao, akaenda, akaimba nao usiku mzima. Ukoo wake ukamtenga. Inasimuliwa hakujutia.

Na jimbo la Maharashtra, India, wapo mahujaji waitwao Wavarkari, ambao ningewapeleka wote wa vidole gumba wakawaone. Kila mwaka, mwezi Juni na Julai, mvua ikiwa imeanza, malaki ya watu, wengi wao wakulima, wanatembea wakiimba kwenda Pandharpur, kwenye hekalu la mungu Vithoba. Kutoka Alandi peke yake ni kama kilomita 250, karibu wiki tatu, kwa miguu, matoazi shingoni. Nyimbo wanazoimba walitunga watu kama Tukaram, mwenye duka aliyefilisika wakati wa njaa; Namdev, fundi cherehani; Janabai, mtumishi wa ndani aliyemwimbia Mungu huku anasaga nafaka; na Chokhamela, Mmahar, mtu wa tabaka ambalo kivuli chake tu kilionekana najisi.

Chokhamela, mwimbaji wa karne ya 14, hakuruhusiwa kuingia hekalu la Mungu aliyemwimbia. Kaburi lake liko chini ya ngazi, nje ya lango. Watu wa tabaka lake waliziimba nyimbo zake njia nzima, wakifika mlangoni wanasimama. Hekalu lilifunguliwa kwao mwaka 1947, baada ya mwanaharakati Sane Guruji kufunga kula kwa siku kadhaa kulidai hilo. Karne sita baadaye! Na mwanaanthropolojia Irawati Karve, aliyetembea na mahujaji hao, aliandika kwa uchungu kwamba kundini mwake Wabrahmini na Wamaratha, matabaka mawili tofauti, waliimba pamoja mchana kutwa, chakula kikifika kila mmoja akala upande wake.

Kwa hiyo nisiwauzie ndoto. Kuimba pamoja hakujawatosha wanadamu kula pamoja. Mtu anaweza kupokea jina la Mungu kutoka kinywani mwa mwenzake na bado akaogopa maji ya mtungi wake. Linaniuma hilo kuliko jambo lolote katika habari hizi. Na bado, wale waliozuiwa mlangoni hawakuwa na kitu kingine. Sanskriti hawakufundishwa, sanamu hawakuifikia, pango la kukaa kimya hawakuwa na muda nalo kwa sababu kesho yake wanalima shamba la mtu. Walikuwa na sauti. Unapomwambia mtu wa namna hiyo kwamba kutafakari kwa kweli ni kukaa kimya mahali patulivu, unamwambia akapange chumba kwanza.

Hata Marekani, alipofika Bhaktivedanta Swami, mfuasi wa njia ya Chaitanya na mwanzilishi wa Hare Krishna, mwaka 1965, mzee wa miaka 69 aliyeshuka kutoka meli ya mizigo, hakuanza na mikeka na mishumaa. Mwaka uliofuata alikuwa amekaa chini ya mti kwenye bustani ya Tompkins Square, New York, anaimba kwa sauti na wapita njia wakapokea.

Sasa vipaza sauti. Najua mnalingoja hili. Haya, mmeshinda: Chaitanya hakuwa na spika za wati elfu. India kwenyewe kanuni za mwaka 2000 zinakataza vipaza sauti kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, na hata ruhusa ya sikukuu inaishia saa 6 usiku. Ukumbi ulioko mtaa wa pili, msimu wa Navaratri (sikukuu ya Kihindu ya usiku tisa), ungefaidika kuisoma hiyo karatasi. Na kumbi za harusi pia. Na baa. Na kila mwenye mnara au madhabahu. Lakini Ba hana hata maikrofoni. Ana manjira, ana wenzake wa rika lake wenye magoti mabovu, na wanamaliza kabla ya taarifa ya habari.

Anayetaka kuja aje, hakuna kiingilio. Kaa nyuma, karibu na wenye manjira, pokea unachokisikia hata kama hukijui, na usianze kwa kupiga makofi kwa mdundo wa taarabu kama nilivyoona mtu akifanya. Mwishoni kuna prasad (chakula cha baraka), mara nyingi halua ya semolina, na ni dharau kuikataa. Viatu vinabaki nje ya mlango. Simu ibaki ndani ya kiatu.