Dijei, nyamaza kidogo basi

Hivi muvi ambayo dijei hajaitafsiri kwa kuongea Kiswahili juu yake inapatikana wapi Dodoma hii? Naenda Majengo na fleshi yangu, namwomba kijana wa kuuza muvi The Good, the Bad and the Ugly ya mwaka 1966, ya Sergio Leone. "Ipo bosi, imetafsiriwa safi kabisa!" Sijaomba safi mimi. Nimeomba yenyewe.

Mwishoni mwa ile muvi wanaume watatu wanasimama makaburini, wanaangaliana dakika kadhaa bila kusema neno. Macho, vidole karibu na bastola, muziki wa Ennio Morricone unapanda. Basi. Dijei kaona ukimya huo ni hasara: "Hapa mwana anawaza atatokaje, oya wadau, tupo pamoja?" Na muziki kauzima.

Sina ugomvi na kutafsiri. Bibi yangu kule Kondoa za Kihindi alizipenda kwa ajili ya madijei hao hao, na wengine wana kipaji kuliko waigizaji. Ila kisichosemwa unakitafsirije? Za mwaka huu ndiyo usiseme: imerekodiwa ukumbini, kichwa cha mtu kinapita mbele ya kioo, na jina la dijei limebandikwa juu ya uso wa stelingi.