Usiniambie "Utachipua Tu"

Mwezi wa tatu, kaskazi ikiwa mwisho mwisho, walikuja vijana na msumeno wa injini wakaukata mwarubaini wa mbele ya nyumba yetu hapa Tudor, Mombasa. Ulikuwa ndiyo kwanza umepukutisha na kuvaa majani mapya, mekundu mekundu bado. Wakaacha kigogo cha kimo cha mtu. "Usihuzunike, mwanangu," mzee jirani akaniambia, "huo utachipua tu."

Ukachipua kweli, tena kwa wingi. Lakini machipukizi yale yalilishwa na nini, ilhali juu hapakuwa na jani hata moja?

Jani huvuta kaboni ya hewani na kuigeuza sukari kwa nguvu ya jua. Sehemu ya sukari hiyo hutumika papo hapo, mti upate kupumua na kukua. Inayobaki hushuka chini ya gome, ikageuzwa wanga na kuwekwa ndani ya shina na mizizi. Niliokota kipande cha tawi siku ile, nikakichonga kwa wembe na kukidondoshea iodini, kama tulivyofanya shuleni kwa kiazi. Ikatokea mistari myembamba ya bluu nyeusi, ikitoka katikati kwenda kwenye gome kama spoki za baiskeli. Hiyo ndiyo akiba yenyewe, na nilikuwa nimeishika mkononi.

Akiba hiyo huwekwa kwa miaka. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 yalijaza hewani kaboni yenye mnururisho, ambayo imekuwa ikipungua mwaka hadi mwaka, hivyo wataalamu wakipima kiasi chake huweza kukadiria sukari ya mti ilitengenezwa lini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu miti ya mepo (maple) huko Marekani ulionyesha kwamba machipukizi ya visiki yalijengwa kwa kaboni iliyohifadhiwa hadi miaka 17 nyuma. Miaka kumi na saba! Mtoto aliyezaliwa mwaka ule yuko sekondari.

Kwetu hakuna baridi ya theluji, ila kiangazi tunacho. Tazama mibuyu ya pale ufukweni Mama Ngina inavyosimama uchi miezi mingi, kisha ikavaa majani mvua inapokaribia. Majani hayo ya kwanza hutegemea akiba, na baadaye ndiyo huilipa. Mwembe nao, ukizaa kupita kiasi mwaka huu, mwaka ujao mara nyingi huzaa haba. Wazee husema umepumzika, nami naona wana haki.

Kwa hiyo mwarubaini wetu ulikatwa wakati mbaya kuliko wote: umeshatumia akiba kuvaa majani, nayo yakachukuliwa kabla hayajalipa chochote. Vuli ilipofika vijana wakarudi, wakafyeka na machipukizi. Mara hii yametoka machache, membamba kama njiti.

Nimewaomba yaliyobaki wayaache. Na anayelazimika kupunguza mti angoje majani yakomae na kufanya kazi msimu mzima wa masika, kisha atoe matawi machache tu, juu pabaki kijani. Jana jioni niliyahesabu machipukizi ya kigogo chetu. Ni saba, na mawili yameanza kukauka nchani.